Kipeuo cha pili cha 70 si 35: jibu kwa mzazi wa Darasa la Saba

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu yuko Darasa la Saba. Amerudi na zoezi linalouliza: kipeuo cha pili cha 70 kiko kati ya namba nzima zipi mbili zinazofuatana? Akajibu ni kati ya 34 na 36, kwa sababu nusu ya 70 ni 35. Simu yangu inasema 8.366600265. Nimemwambia kakosa, lakini kumweleza kakosa wapi nimeshindwa. Halafu nilipomwambia 34 na 36 wala hazifuatani, akaniuliza mbona darasani wamefundishwa kwamba 34 na 36 ni namba shufwa zinazofuatana. Hapo nikanyamaza. Naomba unisaidie, na kama kuna namna ya kuzipata hizo desimali kwa kalamu bila simu, nielekeze na hiyo."

Jibu: Mzazi mwenzangu, tuanze na lile lililokunyamazisha, maana hapo binti yako ana hoja na usimzime. Namba kufuatana au kutofuatana kunategemea unasoma orodha gani. Kwenye orodha ya namba nzima, yaani 0, 1, 2, 3 na kuendelea, 34 inafuatwa na 35, na kati yao hakuna namba nzima nyingine. Kwenye orodha ya namba shufwa, 34 inafuatwa na 36, kwa kuwa 35 haimo. Kwenye orodha ya namba tasa, 31 inafuatwa na 37. Zoezi lake limesema "namba nzima", kwa hiyo orodha ni ile ya kwanza, na tofauti kati ya jirani na jirani ni 1 siku zote. Ya kwanza ukiiita n, inayoifuata ni n + 1.

Akitaka kuona tofauti hiyo kwa macho, mpe swali hili: jumla ya namba nzima tatu zinazofuatana ni 72, zitaje. Agawanye 72 kwa 3, apate 24 ya katikati, kisha achukue jirani zake: 23, 24, 25. Halafu badilisha neno moja tu: jumla ya namba shufwa tatu zinazofuatana ni 72. Ya katikati ni 24 ileile, lakini sasa ni 22, 24, 26. Mtahini akibadilisha orodha, jibu linabadilika. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasome swali la namba hadi nukta ya mwisho kabla ya kushika kalamu.

Sasa twende kwenye 35. Kosa hili nakutana nalo kila mwaka, na lawama naiweka kwenye mfano wa kwanza ambao walimu wengi tunauandika ubaoni: √4 = 2. Mtoto anaitazama 4, anaitazama 2, anaona kitu alichokizoea tangu madarasa ya chini, nusu. Akili yake inafunga mlango hapo, na maneno yote ya mwalimu yanayofuata yanabaki nje. Kwa bahati mbaya 4 ndiyo namba pekee, ukiacha 0, ambayo nusu yake na kipeuo chake cha pili ni kitu kimoja. Laiti tungeanza na 9, ambayo nusu yake ni 4.5 na kipeuo chake ni 3, tungepunguza nusu ya shida hii.

Dawa yake ni kumwachia ajipime. Kipeuo cha pili cha 70 ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 70. Basi azidishe 35 kwa 35. Atapata 1,225, na uso wake utakueleza kama ameelewa. Kila jibu la kipeuo lina njia hii ya kulikagua na haihitaji mwalimu wala kitabu. Mpe na kioja kimoja cha kumchangamsha: kwa namba iliyo kati ya 0 na 1, kipeuo ni kikubwa kuliko namba yenyewe. √0.25 ni 0.5, kwa kuwa 0.5 × 0.5 = 0.25. Anayeamini kuwa kipeuo ni nusu atahangaika hapo kidogo, na mahangaiko hayo yana faida.

Kupata jibu la zoezi lenyewe ni jambo la dakika moja. Aandike namba za mraba kwa mfuatano: 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64, 81, 100. Atafute 70 ingeangukia wapi. Inaangukia kati ya 64 na 81. Na 64 ni 8 × 8, 81 ni 9 × 9, kwa hiyo √70 iko kati ya 8 na 9. Kwa nini tuna uhakika? Kwa sababu namba chanya ikikua, mraba wake nao unakua. Hakuna namba iliyo chini ya 8 ambayo mraba wake utairuka 64. Mtihani unataka maneno hayo tu: 64 < 70 < 81, basi 8 < √70 < 9.

Lakini ukiishia hapo utakuwa umeacha sehemu tamu. Hizo namba mbili zinazofuatana, 8 na 9, zinajua mengi kuhusu √70 kuliko watu wanavyozitumia. Zijumlishe: 17. Zizidishe: 72. Namba hizi mbili, 17 na 72, zinatosha kukupa makadirio ya desimali, na nitakuonyesha zinavyofanya kazi.

Kwanza 17. Toa 64 kwenye 81, unapata 17. Si bahati. Mwambie binti yako akusanye vizibo vya soda, avipange sakafuni safu 8 zenye vizibo 8 kila moja. Vitakuwa 64. Sasa anataka mraba wa 9 kwa 9. Ataongeza nini? Safu moja ya vizibo 8 upande wa kulia, safu nyingine ya vizibo 8 chini, na pale kwenye kona panabaki tundu la kizibo kimoja. 8 na 8 na 1 ni 17, na ukipenda kusema vingine, ni 8 na 9. Kwa hiyo umbali kutoka mraba mmoja hadi unaofuata ni jumla ya namba mbili zenyewe. Kutoka 9 × 9 hadi 10 × 10 ni 19. Kutoka 20 × 20 hadi 21 × 21 ni 41, na hivyo ukijua 400 huna haja ya kuzidisha ili upate 441. Ndiyo maana tofauti za namba za mraba ni namba witiri kwa mpangilio: 3, 5, 7, 9, 11 na kuendelea. Mtoto aliyeziona kwa vizibo hazimtoki.

Pili, 72. Swali la kawaida linalofuata huwa: kipeuo kiko karibu zaidi na 8 au 9? Mpaka wao ni 8.5. Mraba wa 8.5 ni 72.25, na hiyo ni 8 × 9 pamoja na robo. Inakuwa hivyo kila mara: 3.5 × 3.5 ni 3 × 4 na robo, yaani 12.25, 10.5 × 10.5 ni 10 × 11 na robo, yaani 110.25. Basi zidisha namba zako mbili zinazofuatana uone. Namba nzima uliyopewa ikiwa sawa na hilo jibu au chini yake, kipeuo kiko karibu na ndogo. Ikizidi, kiko karibu na kubwa. 70 iko chini ya 72, kwa hiyo √70 iko karibu na 8 kuliko 9, ingawa si kwa mbali sana.

Sasa desimali. Fikiria 64 na 81 ni mabango mawili ya kilomita barabarani, la nane na la tisa. Kati yao kuna hatua 17, na 70 imeshapiga hatua 6 kutoka bango la nane. Basi imekwenda sehemu 6 kwa 17 za njia. 6 ÷ 17 ni 0.353 kwa kukadiria, kwa hiyo √70 ni kama 8.35. Simu yako inasema 8.3666. Tumepungukiwa na sehemu moja na kitu kwa mia, kwa kugawanya mara moja tu.

Kwa nini tumepungukiwa na hatukuzidi? Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu vitabu vingi vinaipita njia hii bila kusema kwamba kosa lake linaegemea upande mmoja tu. Kutoka 8 hadi 8.5, mraba unapanda kutoka 64 hadi 72.25, yaani 8.25. Kutoka 8.5 hadi 9 unapanda kutoka 72.25 hadi 81, yaani 8.75. Nusu ya kwanza ya njia ni nafuu kuliko ya pili. Hatua 6 ulizopiga mwanzoni zilikupeleka mbele zaidi ya sehemu 6 kwa 17, kwa sababu ulikuwa kwenye eneo la bei rahisi. Basi makadirio ya namna hii daima huwa chini ya kipeuo chenyewe, isipokuwa pale namba yenyewe ni mraba. Na upungufu una kikomo: hauwezi kuzidi 1 ikigawanywa kwa mara nne ya jumla ya namba zako mbili. Kwa 8 na 9, ni 1 ÷ 68, yaani kama 0.015. Namba zikiwa kubwa, kosa linakuwa dogo zaidi, kinyume na watu wanavyotegemea.

Tuipime kwenye namba kubwa ambayo wakulima wa Tanzania wanaifanyia kazi hata kama hawajaiona imeandikwa. Uliza kijijini ekari moja ni kiasi gani, utajibiwa: hatua 70 kwa 70. Kwa nini 70? Ekari ni kipimo cha Waingereza, mnyororo mmoja kwa kumi, yaani yadi 22 kwa yadi 220. Zidisha: yadi za mraba 4,840. Ukitaka shamba hilo liwe mraba, upande wake ni √4,840.

Kabla ya kuanza, njia ya kujua tuko wapi kwenye namba kubwa ni kugawa tarakimu mbilimbili kuanzia kulia: 48 na 40. Makundi ni mawili, kwa hiyo kipeuo kina tarakimu mbili kabla ya nukta. Kundi la kwanza ni 48. Mraba mkubwa usioizidi ni 36, kwa hiyo tarakimu ya kwanza ni 6. Tuko kwenye sitini na kitu, na kwa kuwa 48 imeikaribia sana 49, ni sitini za mwisho kabisa. 70 × 70 ni 4,900, imezidi. Rudi nyuma bango moja: jumla ya 69 na 70 ni 139, kwa hiyo 69 × 69 ni 4,900 toa 139, yaani 4,761. Basi √4,840 iko kati ya 69 na 70. Iko karibu na ipi? 69 × 70 ni 4,830, na 4,840 imezidi kwa 10 tu. Kwa hiyo inaegemea 70. Ukikadiria hadi namba nzima, upande wa ekari ya mraba ni yadi 70, na hatua ndefu ya mtu mzima aliyenyoosha mguu inakaribia yadi moja. Zile hatua 70 za kijijini ni kipeuo cha pili kilichokadiriwa vizuri kabisa.

Desimali zake: 4,840 toa 4,761 ni 79. 79 ÷ 139 ni 0.568. Kwa hiyo yadi 69.568. Kikomo cha upungufu hapa ni 1 ÷ 556, chini ya 0.002 ya yadi, yaani chini ya milimita mbili. Hakuna kamba ya kupimia shamba inayostahili zaidi ya hapo.

Niruhusu nichepuke kidogo, maana jambo hili linagusa mifuko ya watu. Yadi ni sentimita 91 na ushei. Mtu mwenye hatua ya sentimita 75, na wapo wengi, akipiga hatua 70 amekwenda mita 52.5. Shamba la mita 52.5 kwa 52.5 lina mita za mraba 2,756. Ekari ina mita za mraba 4,047. Mnunuzi amepoteza karibu theluthi ya shamba, ingawa kila upande umepungua kwa chini ya sehemu 18 kwa mia, kwa sababu upungufu wa upande unahesabika mara mbili kwenye eneo. Ukinunua shamba, nenda na futi kamba. Upande wa ekari ya mraba kwa mita unaupata kwa njia ileile: 63 × 63 ni 3,969, 64 × 64 ni 4,096, jumla ya 63 na 64 ni 127, 4,047 toa 3,969 ni 78, na 78 ÷ 127 ni 0.61. Mita 63.61. Mwenye hatua ya sentimita 75 anapaswa kupiga hatua kama 85 kila upande. Mwachie binti yako ahakiki hilo.

Turudi kwenye kalamu. Uliomba njia ya kupata desimali zaidi. Ipo, ni ya kale, na naiona nyepesi kuliko ile ya kugawanya kwa ngazi ambayo baadhi yetu tulikaririshwa bila kuelezwa. Heron wa Aleksandria, Misri, aliiandika katika karne ya 1 baada ya Kristo. Wazo lake ni hili: kama 8 ni ndogo mno kuwa kipeuo cha 70, basi 70 ÷ 8 itakuwa kubwa mno. 70 ÷ 8 ni 8.75. Mstatili wa 8 kwa 8.75 una eneo la 70 kamili, ila si mraba. Kipeuo kimebanwa kati ya pande hizo mbili. Chukua wastani: 8 na 8.75 ni 16.75, nusu yake 8.375. Zidisha 8.375 kwa yenyewe, unapata 70.14. Karibu. Unataka zaidi? Rudia kwa 8.375: 70 ÷ 8.375 ni 8.35821, wastani wake na 8.375 ni 8.3666. Tarakimu nne baada ya nukta, kwa mizunguko miwili.

Mfano wa Heron mwenyewe ulikuwa 720. Mraba ulio karibu ni 729, wa 27. Akagawanya 720 kwa 27, akapata 26 na theluthi mbili. Wastani wa hiyo na 27 ni 26 na sehemu 5 kwa 6. Mraba wake ni 720 na sehemu 1 kwa 36. Angalia alivyoanza: kwa kujua mraba wa jirani, kama binti yako anavyopaswa kuanza. Na watu walikuwa na majibu mazuri ya vipeuo kabla yake kwa karne nyingi. Kuna kibao cha udongo cha Babeli kinachotunzwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, cha kati ya miaka ya 1800 na 1600 kabla ya Kristo, chenye mchoro wa mraba na milalo yake miwili, yaani mistari ya kutoka kona hadi kona. Juu yake imeandikwa thamani ya √2 kwa mtindo wao wa kuhesabu kwa sitini, na inapishana na thamani ya kweli kwa chini ya sehemu moja ya milioni. Kibao hakionyeshi njia, kinaonyesha jibu tu, kama mwanafunzi aliyesahau kuandika kazi yake.

Wastani wa Heron una tabia iliyo kinyume na ile njia ya mabango: siku zote huwa juu ya kipeuo, au sawa nacho ukiwa umebahatika kuanza na jibu lenyewe. Hili ni la kushukuru. Fanya njia zote mbili kwa ekari. Mabango yalitupa 69.568. Heron, tukianza na 70: 4,840 ÷ 70 ni 69.143, wastani na 70 ni 69.571. Moja iko chini, nyingine iko juu. Bila kugusa kikokotoo unajua kwa hakika kwamba √4,840 iko kati ya 69.568 na 69.572, kwa hiyo ni 69.57 kwa nafasi mbili za desimali. Mwanafunzi anayeweza kusema "jibu langu ni hili, na kosa langu halizidi hapa" ameshajua zaidi ya anayesoma tarakimu kwenye kioo cha simu.

Mafundi ujenzi wanakutana na haya kila wiki. Msingi wa mita 9 kwa 7 ukiwa na kona za mraba kweli, ulalo wake ni √130, kwa kuwa mraba wa ulalo ni jumla ya miraba ya pande mbili, na 81 na 49 ni 130. Mabango: 121 na 144, jumla ya 11 na 12 ni 23, 9 ÷ 23 ni 0.391, kwa hiyo mita 11.39. Lakini tumeshajua kwamba jibu hili ni pungufu, basi jaribu 11.4: mraba wake ni 129.96. Ulalo ni mita 11.40 na milimita mbili hivi. Fundi aliyesimamia 11.39 angekosea sentimita moja, na kwenye msingi sentimita moja inaonekana ukifika kwenye bati. Na ile 3, 4, 5 wanayoitumia kuweka kona mraba wanaipenda kwa sababu nzuri: 9 na 16 ni 25, mraba kamili, hakuna cha kukadiria.

Bado kuna hiyo 8.366600265 ya simu. Usimwambie binti yako kwamba hiyo ndiyo √70. Nayo ni makadirio, na ana uwezo wa kulithibitisha kwa elimu ya Darasa la Saba. Tarakimu ya mwisho ni 5. Ukizidisha namba inayoishia na 5 kwa yenyewe, jibu linaishia na 25. Kwa hiyo mraba wa 8.366600265 una desimali ndefu zinazoishia na 25, wakati 70 haina desimali yoyote. Haziwezi kuwa sawa. Je, simu yenye kioo kirefu zaidi ingefika? Hapana. Desimali yoyote inayokoma ina tarakimu ya mwisho isiyo sifuri, kuanzia 1 hadi 9. Miraba ya tarakimu hizo inaishia na 1, 4, 9, 6, 5, 6, 9, 4, 1. Hakuna hata moja inayoishia na sifuri, kwa hiyo desimali za mraba wake hazifutiki kamwe. Sehemu nazo hazisaidii, kama theluthi zenye desimali zisizokoma: sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho, ukiizidisha kwa yenyewe, inabaki imerahisishwa, haigeuki kuwa namba nzima. Basi kipeuo cha pili cha namba nzima kina njia mbili tu: ama ni namba nzima, kama √64, au ni desimali isiyokoma wala kujirudia kwa mpangilio, kama √70. Kati ya 64 na 81 kuna namba nzima 16, na vipeuo vyao vyote ni vya aina hiyo ya pili.

Hizo tarakimu za mwisho zina matumizi mengine ya haraka. Kwa kuwa mraba wa namba nzima hauishii kamwe na 2, 3, 7 wala 8, mtoto akiulizwa kama 1,058 ni namba ya mraba, anaangalia 8 na kujibu hapana bila kuhesabu. Ila ajihadhari na kinyume chake: 70 inaishia na 0 na bado si mraba.

La mwisho ni swali ambalo nadhani litamfuata baada ya hili, kwa kuwa linachanganya mambo yote mawili: namba nzima mbili zinazofuatana zikizidishwa zinaleta 1,056, zitaje. Wengi wanaanza kubahatisha. Lakini namba mbili zinazofuatana zikizidishwa, jibu linakaa kati ya miraba yao miwili, kwa hiyo kipeuo cha pili cha 1,056 kitaziangukia katikati. Gawa tarakimu: 10 na 56. Tarakimu ya kwanza ni 3. 32 × 32 ni 1,024; ongeza 32 na 33, unapata 1,089 ambayo ni 33 × 33. Kwa hiyo kama namba hizo zipo, ni 32 na 33. Zidisha: 1,056. Zipo. Sasa mbadilishie kidogo umwambie ni 1,060. Atafika kwenye 32 na 33 zilezile, atazidisha, atapata 1,056 badala ya 1,060, na atakutazama akisubiri umwambie amekosea wapi. Hajakosea. Jibu ni kwamba namba hizo hazipo, na anaruhusiwa kuliandika hivyo kwenye daftari.